Koma moja ilivyotupotezea mwanateknolojia Malaba

Rafiki yangu alikuwa akifanya kazi katika saiba moja mjini Malaba, hatua chache kutoka pale matrela yanapopanga foleni kuingia Uganda. Kazi yake unaijua hata kama hujawahi kukanyaga mpakani. Kujazia watu ritani za KRA, kuwafungulia akaunti za eCitizen, kutuma maombi ya HELB na KUCCPS kwa niaba ya watoto wa wenyewe, kuchapa barua za kuomba kazi, kutoa kopi. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wazee kadhaa wa kijiji chetu huku Angurai walisajiliwa kwa vidole vyake yeye. Wengine walimwachia simu pamoja na nambari ya siri wakaenda zao sokoni. Walijua hawataibiwa.

Jioni wateja wakipungua, kabla mwenye duka hajaja kufunga, alikuwa akijifunza Python kwa video za bure. Hakumwambia mtu ila mimi. Mamake ni mchuuzi wa maharagwe. Mali inatoka ng'ambo, pesa ni za aina mbili. Shilingi moja ya Kenya hukupa zaidi ya 25 za Uganda, lakini kiwango hakitulii, na wale jamaa wa kubadilisha fedha wanaosimama mpakani na mabunda mkononi hawamsubiri mtu anayepiga hesabu polepole. Basi rafiki yangu akaamua kumtengenezea mamake programu. Unaingiza kiwango cha siku, unaingiza pesa uliyotoa, inakuambia umebaki na nini kwa shilingi zetu na faida ni ngapi. Mistari kama 30 hivi. Kitu kidogo, lakini kwa mtu aliyejifundisha peke yake saa mbili za usiku, hiyo ni harusi.

Programu ikagoma. Kila akiingiza kiasi, inaleta maandishi mekundu na kujifunga. Akaangalia video upya, akafuta, akaandika tena, ikagoma vile vile. Akauliza kwenye kundi moja kubwa la WhatsApp la wanateknolojia. Wa kwanza kujibu alimwekea vikatuni vya kucheka. Wa pili akamwambia aende Google. Wa tatu akatuma tangazo la mafunzo ya kulipia. Usiku huo akanitumia mimi picha ya skrini: "Dadangu, hebu niangalilie hii."

Niliiona. Nilikuwa Nairobi, kazini, na wiki hiyo ilikuwa mbaya. Nikasema nitamjibu kesho. Tiki zikabaki za bluu kwa wiki tatu.

Siku nilipoifungua vizuri, nilichukua kama sekunde kumi kuliona tatizo. Alikuwa ameandika pesa kama sisi sote tunavyoandika kwenye daftari la madeni: 1,000. Mashine haijui hiyo koma ni ya nini. Ilitaka 1000 tu, au mstari mmoja wa kuiondoa koma kabla ya kupiga hesabu. Nikampigia simu nikiwa na furaha ya kijinga. Akaniambia, bila hasira, kwamba alishaifuta. Saiba pia alikuwa ameiacha. Sasa anauza nguo za mitumba, na anafanya vizuri, kwa hiyo usije ukamlilia. Lakini alikuwa mwanateknolojia, na tulimpoteza kwa sababu ya koma moja na kwa sababu yangu.

Nimeanza na kisa hiki makusudi kwa sababu tukizungumza juu ya kuwasaidia wasichana waingie kwenye teknolojia, kwa kawaida tunazungumza juu ya vitu vikubwa. Ukumbi, wafadhili, mgeni mashuhuri kutoka Nairobi, tisheti, stika za kubandika kwenye laptopu (ambayo wengi hawana), selfi. Mimi mwenyewe nina tisheti nne za aina hiyo na moja mamangu anaivaa akipalilia. Sizidharau. Lakini hakuna tisheti ambayo ingemtoa rafiki yangu kwenye ile koma. Alichohitaji ni mtu mmoja anayejua kidogo zaidi yake, aliye karibu, ambaye hamuonei haya kumuuliza swali la kijinga saa tatu usiku.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hapa kwetu mpakani tunajua sana kutengeneza kitu cha aina hiyo. Neno "boda boda" ambalo leo linatumika kote Afrika Mashariki lilizaliwa hapa Busia. Vijana wa miaka ile ya 1960 na 1970 walikuwa wakibeba watu kwa baiskeli katika ile nafasi iliyo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita "boda-boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Baiskeli zikawa pikipiki, na leo hakuna mji usio nazo.

Sasa ukimtazama kijana anayeanza boda leo pale Malaba au Kocholia, hajaanza peke yake. Ana steji. Hana pikipiki? Mwenzake atampa yake apige raundi mbili tatu akienda kula. Hajui bei ya kwenda Amagoro usiku? Steji itamwambia. Amegongwa? Kabla ya hospitali hujamaliza kuandika jina lake, wenzake wamejaa langoni na mchango umeanza kuzunguka. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna daftari. Najua vilevile hao hao wa steji ndio wanaotupigia mbinja tukipita, na mwanamke akitaka kuendesha boda ataona cha mtema kuni. Si malaika. Lakini wana steji, nasi tunaokaa mbele ya kompyuta kila mmoja yuko kwenye kibanda chake, na mlango umefungwa.

Utaniambia huku kwetu hakuna wasichana wa teknolojia wa kutosha kujaza steji. Hapo ndipo tunapokosea hesabu. Tunahesabu tu wale walio na shahada au wanaoandika programu. Tembea Malaba kuanzia stendi hadi kwenye geti la mpaka, uhesabu vibanda vya M-Pesa vyenye msichana ndani. Tangu huduma hiyo izinduliwe Machi 2007, hao ndio wamekuwa mlango wa teknolojia ya fedha kwa kina mama wa kijijini. Anajua kurudisha pesa iliyotumwa kimakosa. Anajua tapeli anavyozungumza kabla hajafika kwenye sentensi ya pili. Ana laini za Kenya na za Uganda, anajua floti itakwisha saa ngapi siku ya soko na afanye nini ikiisha. Ongeza wasichana wa saiba. Ongeza wanaouza viatu kwa TikTok, ambao wanajua mwanga, sauti na saa ya kuweka video kuliko mhadhiri yeyote wa mawasiliano. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe wanaopita hapo barabarani wikendi. Hao wote wako kwenye teknolojia. Shida ni kwamba hakuna aliyewaambia, na wao wenyewe wakiulizwa watasema, "Mimi niko tu hapa kwa duka."

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anzia kwao. Usianze na tangazo la "wasichana wote wenye ndoto". Nenda kibandani, nunua eja ya 20, uliza swali la kazi. "Ikitokea mtu ametuma kwa nambari isiyo, wewe hufanyaje?" Utaona uso unavyobadilika mtu anapoulizwa jambo analolijua.

Wala si mara ya kwanza wanawake wa ukanda huu kuona kwamba hawataweza peke yao. Mwaka 2004 Dorcas Muthoni, Mkenya aliyeanzisha kampuni yake ya programu akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa miongoni mwa walioanzisha AfChix, mtandao wa wanawake wa Afrika walio katika kompyuta. Miaka 10 baadaye jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya watu waliojenga intaneti duniani. Mwaka 2010, iHub ilipofunguliwa Nairobi na vijana wakaanza kujazana pale, wasichana wachache waliokuwamo walitazamana wakajua wako wangapi. Judith Owigar, Angela Oduor Lungati, Linda Kamau na Marie Githinji wakaanzisha AkiraChix. Walikuwa wasichana wadogo wenyewe, bado wanatafuta njia. Hawakungoja wafike kileleni ndipo wageuke kuwanyoshea wengine mkono. Angela baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi, ile programu iliyozaliwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, ambayo waanzilishi wake ni pamoja na Ory Okolloh na Juliana Rotich.

Kitu ninachokipenda katika historia ya AkiraChix si majina makubwa. Ni kwamba walifika mahali wakaona kufundisha tu hakutoshi. Mafunzo yao ya codeHive ni ya mwaka mzima na wasichana wanakaa huko huko, wakipewa malazi na chakula. Yaani waligundua kwamba msichana anaweza kushindwa na programu kwa sababu ya njaa, au nauli, au kwa sababu nyumbani kuna watoto wanne wa kuogesha kabla ya kufungua kompyuta. Hilo ni somo la kutoka kwa watu waliolifanya jambo hilo kwa miaka.

Lakini AkiraChix haiwezi kumchukua kila msichana wa Teso Kaskazini, na wengine wetu hatuwezi kwenda kukaa mwaka mzima mbali na nyumbani. Una mtoto. Una mama mgonjwa. Una kibanda ambacho ukikifunga wiki mbili wateja wanahamia kwa jirani. Ndiyo maana nasema tunahitaji ya kwetu, ndogo, ya hapa hapa.

Kuna swali huwa linaulizwa na makaka zetu, na wengine wanauliza kwa nia njema: kwa nini wasichana peke yao? Mbona mnajitenga?

Nitajibu kwa nilichokiona. Mafunzo ya kwanza niliyohudhuria baada ya kidato cha nne, tulikuwa kama 30 na kompyuta 12. Hakuna aliyesema wavulana watangulie. Mwalimu alifungua mlango tu, nao wakawahi viti. Sisi tukasimama nyuma, tukiegemea migongo ya viti, tukitazama. Kwa siku tano. Aliyeshika kipanya ndiye aliyejifunza. Sisi tulijifunza kutazama. Siku ya mwisho wote tulipewa cheti kile kile, na mimi nilikuwa sijawahi kuwasha ile mashine kwa mkono wangu. Hapakuwa na mtu mbaya katika kile chumba. Ilikuwa tu desturi, na desturi haiondoki mpaka uibadilishe makusudi.

Na sisemi wanaume wakae mbali. Mtu aliyenionyesha ndani ya simu kuna nini ni binamu yangu, fundi wa simu pale Malaba, aliyeniachia bisibisi na simu mbovu tatu akaniambia nizivunje nione. Hakunicheka nilipozimaliza zote tatu. Waje wa namna hiyo. Ila viti vya mbele ni vya wasichana, na zamu ya kipanya inaandikwa.

Tukija kwenye pesa, watu huanza kutafuta mfadhili kabla hata hawajaangalia mfukoni. Kina mama zetu hawakufanya hivyo. Miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na vikundi vya wanawake katika Kenya ya kati vilivyoitwa vya mabati: wanachanga, leo nyumba ya fulani inaezekwa bati, mwezi ujao ya mwingine, mpaka nyasi zinaisha. Leo kila kijiji kina chama cha kuzungushiana pesa, sufuria, blanketi, hata kuku. Basi laptopu ina nini? Wasichana 10 wakichanga shilingi 200 kila mmoja kwa wiki, hiyo ni 2,000 kwa wiki na 24,000 kwa wiki 12. Hapo umepata laptopu ya mtumba inayofanya kazi. Inakuwa ya kikundi, inazunguka kwa zamu, ina daftari lake la kutia sahihi kama ile sufuria kubwa ya matanga. Wiki nyingine 12, ya pili. Najua 200 si mchezo kwa msichana wa kibanda. Lakini hiyo hiyo anaitoa tayari kwenye vyama viwili.

Wengine watataka vituo vya serikali. Vipo vya Ajira Digital katika sehemu mbalimbali za nchi, kompyuta zipo na intaneti ipo, na mtu akiwa na kimoja karibu naye akitumie bila haya. Ni kodi yake. Ila jengo halikuulizi mbona hukuja wiki iliyopita. Hilo ndilo tofauti.

Muda nao ni siasa. Mikutano mingi ya teknolojia niliyohudhuria Nairobi ilikuwa ya jioni, na hakathoni ni usiku kucha, mnakula piza saa nane za usiku mkijiona mashujaa. Hebu jaribu kumwambia mzazi wa Angurai kwamba binti yake atalala mjini na vijana 40 akitengeneza programu. Hata mimi singemruhusu. Kuanzia saa kumi na mbili giza likiingia nauli ya boda inapanda, na njia yenyewe unaijua. Kwa hiyo iwe Jumamosi mchana, au Jumapili baada ya kanisa. Iwe mahali ambapo mama anaweza kupita akachungulia dirishani akaona ni kompyuta kweli.

Na watoto waje. Hili nalisema kwa sauti. Wasichana wengi huku waliacha shule kwa sababu ya mimba, wakafungwa nje ya kila kitu kinachoitwa mafunzo kwa sababu tangazo halisemi mtoto aende wapi. Mmoja wetu huja na wake wa miezi minane. Anapoandika, mwingine anambeba. Mtoto ameshamwaga chai juu ya kibodi mara moja. Kibodi ilipona.

Sasa niongee kuhusu lugha, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko nilivyofundisha. Mafunzo mengi ya bure kwenye intaneti yako kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha haraka. Nilipojaribu kueleza jinsi programu inavyoweka kitu kwenye kumbukumbu kwa jina fulani, nikatumia maneno niliyofundishwa, nikaona macho yanazima. Msichana mmoja wa M-Pesa, baada ya kimya, akasema: "Si ni kama beseni? Beseni ni lile lile la mama, jana lilikuwa na omena, leo lina njugu." Kila mtu akacheka, na kila mtu akaelewa. Tangu siku hiyo kwetu ni beseni. Tukifika mahali programu inarudia kazi ile ile mpaka iambiwe basi, mwingine akasema ni kama kupukuchua mahindi: unachukua gunzi, unapukuchua, unachukua lingine, mpaka gunia liishe. Kuna maneno tunayosema kwa Ateso ambayo hata sijui nitayaandikaje hapa. Mtu akielewa jambo kwa lugha ya jikoni kwao, halimtoki tena.

Ateso hiyo hiyo inazungumzwa ng'ambo, Tororo na kwingine. Huwa tunasahau kwamba ukiwa Malaba, Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Kule Barbara Birungi alianzisha Women in Technology Uganda mwaka 2012. Binti wa Tororo ana shida ile ile ya binti wa Angurai, na simu zetu zinashika mitandao ya pande zote mbili hata bila kuulizwa. (Umewahi kuwa katikati ya somo, simu ikajihamisha ikakukaribisha Uganda, bando lako likabaki Kenya? Hayo ni maisha yetu.) Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia mwaka 2018 ili msafiri asimame mara moja tu. Steji yetu nayo isimame pande zote mbili.

Kikundi pia ni ulinzi, na hili halisemwi vya kutosha. Mlango wa kwanza kwa wengi wetu ni kazi za mtandaoni: kuandika maneno kutoka kwenye sauti, kuzipa picha majina ili akili mnemba ijifunze, kuchuja video chafu. Kuna wanaolipa na kuna wanaotoweka na kazi yako. Ukiwa peke yako utajua baada ya kuliwa. Mei 1, 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa aina hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu malipo na madhara ya kutazama machukizo kutwa. Ikiwa wao wa jijini walihitaji kushikana, itakuwaje wewe unayefanyia kazi hiyo chumbani, na nyumbani wanadhani unacheza na simu? Na yule mteja anayekuambia malipo ni baada ya "kuonana hotelini", kikundi kitamjua kwa jina kabla hujapanda boda. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kama kosa, lakini kwenda polisi na dada wawili na picha za skrini zilizopangwa vizuri si sawa na kwenda peke yako ukitetemeka.

Wapo watakaosema haya yote yamepitwa na wakati, akili mnemba itaandika programu yenyewe. Labda. Rafiki yangu leo angeiuliza, nayo ingemwonyesha ile koma kwa sekunde. Nakubali, na ningefurahi. Lakini haingemwambia kwamba hata mimi niliwahi kulia kwa sababu ya koma.

Usidhani kikundi lazima kiwe kikubwa. Mwaka 2017 wasichana 5 wa shule ya upili ya Kisumu Girls, ambao si mbali na sisi, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Walienda nayo hadi California kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Watano tu. Makundi ya WhatsApp yenye watu 250 ninayoyajua, kazi yake kubwa ni kutumiana viungo vya nafasi ambazo muda wake umeisha jana.

Sisi tuko saba. Nilirudi nyumbani mwaka jana, na tunakutana Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha duka la binamu yangu yule yule wa simu mbovu. Laptopu ni mbili, moja yangu na moja ya mchango. Kanuni zetu ni chache na zote zimetokana na makosa. Swali likiulizwa kwenye kundi lijibiwe kabla ya kesho yake jioni, hata kama jibu ni "sijui lakini nimeona". Hakuna kucheka swali. Beseni na mahindi ni vicheko vingine. Asiyekuja mara mbili anatembelewa, na anayeenda kumtembelea haendi mikono mitupu wala haendi na lawama. Anayejua jambo leo analifundisha wiki ijayo, hata kama analijua nusu. Mmoja wetu ametengeneza daftari la madeni kwenye simu kwa ajili ya duka la shangazi yake. Shangazi amelikataa kwa sababu wadeni wanaogopa daftari la karatasi zaidi. Tunalifikiria hilo.

Si kila wiki ni nzuri. Kuna Jumamosi tumekuwa wawili, mvua, stima zimepotea, tukaishia kula mahindi ya kuchoma na kusengenya. Msichana mmoja hodari alizuiwa na mumewe na bado hatujui la kufanya. Tumeenda mara moja, tukakaribishwa chai, tukarudi. Mwingine ameolewa Bungoma anauliza kama anaweza kuendelea kwa simu.

Tangu tuanze tumeiandika upya ile programu ya kubadilisha pesa. Inakubali koma, inakubali nafasi katikati ya nambari, inakubali hata mtu akiandika "elfu". Mama wa rafiki yangu anaitumia pale Malaba, na anasema inampunja, kwa hiyo bado tuna kazi.

Rafiki yangu mwenyewe hajaja. Nilimtumia ujumbe Jumanne, nikamwambia kuna kiti, na kwamba ile ya mamake ina kasoro ambayo nadhani yeye ataiona haraka kuliko sisi. Ameusoma. Tiki ni za bluu.

Nangoja.